Ufito Uliowekwa Darini

Alhamisi asubuhi, mkewe akiwa bado anakoroga uji, Aminiel alipanda kwenye dari ya jiko kuuangalia ufito wa Bwana Holti, akaukuta umeachana.

Alivuta kipande cha chini kutoka kwenye mfuko wake wa turubai, na mkononi vikaja vijiti. Ufito huo wa kuvulia samaki ulitengenezwa Uingereza, kwa mianzi iliyopasuliwa vijiti sita vyembamba, vikapigwa randa, vikagandishwa kwa gundi hata jicho lisione vilipoungana. Sasa vilikuwa vimefunguka kama ganda la ndizi. Gundi ilikuwa imechuruzika na kuganda pembeni, rangi ya asali. Kilichobaki kimeshika ni nyuzi nyekundu za hariri ambazo Aminiel mwenyewe alikuwa amezizungusha, uzi kando ya uzi, miaka mitatu iliyopita.

"Baba Hanna, uji," Lydia aliita kutoka chini.

Aliupapasa mshipi wa kuvulia, wa hariri, uliokuwa umeviringwa kwenye kigingi karibu na magunzi ya mbegu. Ulinata vidoleni. Akashika urefu wa mkono mmoja, akavuta kama alivyofundishwa kuupima, nao ukakatika bila kelele.

Kwa miaka tisa Aminiel alikuwa mtunza zana za uvuvi katika shamba la kahawa la Bwana Holti, juu ya Ngaramtoni. Shambani palikuwa na bwawa la kumwagilia miche, na ndani yake Bwana alipandikiza samaki wa kigeni waitwao besi, walioletwa kutoka Naivasha ndani ya mapipa. Kazi ya Aminiel ilikuwa fito, mishipi na vigurudumu vya kuviringia mishipi hiyo. Kila walipotoka kuvua aliuvua mshipi wote kwenye kigurudumu, akauanika kivulini kwa mizunguko mikubwa, akaufuta kwa kitambaa na kuupaka mafuta yake, kwa sababu hariri ikilala na maji usiku mmoja huanza kuoza. Vigurudumu alivifungua, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Fito alizitundika wima. Hakuwahi kuegemeza ufito ukutani, maana ufito ulioegemezwa hupinda na kubaki umepinda.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba. Shamba la migomba la marehemu baba yake, kule Poli, liligawanywa kwa kaka zake wanne hadi likawa vipande ambavyo mbuzi angevimaliza kwa siku moja, naye kitinda mimba akakosa. Nyumba ya udongo aliyoishi ilikuwa ya Bwana. Mtu akiacha kazi, au kazi ikimwacha, nyumba ilirudi kwa Bwana Jumatatu inayofuata. Na Lydia alikuwa na mimba ya miezi minane.

Bwana alipokwenda Nairobi kwa majuma mawili, alimwachia neno moja tu. "Unyevu, Aminiel. Unyevu ndio unaoua hivi vitu. Weka pakavu."

Mvua za vuli zikaja na upepo, zikang'oa bati la banda la zana. Fito nyingine alizihamishia stoo ya kahawa. Lakini ule mmoja, ule uliokuwa wa baba yake Bwana, hakuthubutu kuuacha penye panya na vibarua. Akauliza moyo wake: ni wapi hapa duniani pakavu kuliko pote? Moyo ukamjibu kama ambavyo moyo wa Mmeru yeyote ungemjibu. Juu ya moto wa jiko, darini, mahali mama yake alipoweka mahindi ya mbegu, na bibi yake kabla yake. Hapo moshi hufukuza wadudu, na joto halizimiki. Hapo ndipo huwekwa kitu ambacho nyumba haiwezi kukipoteza.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba gundi huyeyuka.

Lydia alipanda ngazi hadi katikati, mkono mmoja kwenye tumbo. Akaona.

"Anarudi lini?"

"Kesho jioni. Na keshokutwa asubuhi ana mgeni wa serikali. Watavua."

Lydia alikigusa kijiti kimoja. "Kuna yule fundi Mchaga wa Kaloleni, aliyetengeneza viti vya kanisa. Yeye na gundi wanajuana. Shuka, unywe uji, uende."

Alikwenda bila kunywa. Lori la maziwa lilimfikisha mjini, na kabla ya saa nne alikuwa mbele ya karakana ya Philemoni Ndesanjo, mtu mfupi mwenye unga wa mbao hata kwenye nyusi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umeniletea kuni?"

Aminiel alikunjua mfuko juu ya meza. Philemoni aliinama, akanusa gundi, akakuna kwa ukucha. "Hii ni gundi inayopikwa kwa ngozi. Ufito uliuweka wapi?"

"Darini. Juu ya moto."

"Juu ya moto." Fundi aliufuta ukucha kwenye suruali. "Ninyi Wameru mngeweza kumweka hata mchungaji darini asiliwe na wadudu."

"Fundi, nitafukuzwa. Mke wangu yuko karibu kujifungua."

Philemoni aliacha kutabasamu. Alivikusanya vile vijiti kwa upole, akavipanga kwa mpangilio wake. "Nitakwangua gundi ya zamani, nitatia mpya, nitafunga kwa kamba. Baada ya hapo sina nguvu. Kwa unyevu huu itakauka Jumatano. Kabla ya hapo utauona mzima, lakini usiupinde. Ukipindwa utafunguka."

"Wanavua keshokutwa."

"Basi mwombe Mungu mvua inyeshe." Kidole chake kikasimama juu ya zile nyuzi nyekundu. "Hizi alizungusha nani?"

"Mimi."

"Uongo."

"Ni mimi, fundi. Unaanza na kitanzi, unaficha ncha chini yake."

Philemoni alizipitisha kidole tena, polepole kama mtu anayesoma. "Mkono huu unapotelea bwawani," alisema, akaenda kuwasha jiko la gundi.

Jumamosi mvua haikunyesha. Anga lilikuwa safi hata kilele cha Meru kikaonekana chote. Aminiel alifungua kamba za fundi, akafuta ufito kwa kitambaa, akauinua kwenye mwanga. Haukuwa na alama. Angeweza kuapa kwamba ni mzima.

"Upeleke hivyo hivyo," Lydia alisema, bila kumtazama. "Ukivunjika mkononi mwa mgeni, umevunjwa na mgeni. Wazungu hawafukuzani."

"Ilhali najua?"

"Wewe unajua. Mimi najua. Huyu," akagusa tumbo, "hajui, na ndiye anayehitaji paa."

Aminiel aliuchukua, pamoja na fito nyingine mbili.

Bwawani Bwana Holti alikuwa amechangamka. Mgeni alikuwa kijana mwekundu wa jua, mwenye mshipi mpya wa nailoni mfukoni. "Huu hauhitaji kuanikwa wala kupakwa mafuta," alimwambia Bwana kwa Kiswahili, labda ili Aminiel naye asikie. Aminiel alisikia.

"Mchagulie mgeni," Bwana alisema.

Hilo lilikuwa tundu la kupitia, naye akaliwahi. Alitoa ufito mfupi mnene. Akaeleza kwamba besi wa bwawa hili hujificha kwenye matete, na akishika ndoana hukimbilia humo humo. Lazima avutwe kwa nguvu mara moja, na ufito mwembamba hauna nguvu hiyo. Yote yalikuwa kweli.

Mgeni alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha mkono wake ukaupita ule mfupi ukachukua ule wa rangi ya asali wenye nyuzi nyekundu.

"Huu ni mzuri mno," alisema.

"Wa baba yangu," Bwana alisema, na uso wake ukalainika kama ambavyo Aminiel hakuwahi kuuona.

Mgeni aliupitisha mshipi wake kwenye pete, moja baada ya moja. Aminiel alizihesabu pete. Alipofika ya mwisho bado angeweza kunyamaza. Mgeni aliinua mkono nyuma ili atupe chambo, na Aminiel akajikuta ameshika ncha ya ufito kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika bawa la kifaranga.

"Usitupe, Bwana. Ufito umekufa. Mimi ndiye niliyeuua."

Alieleza yote, bati, dari na gundi. Bwana Holti aliuchukua ufito, akaupinda kidogo sana. Maungio yakalia, tii, yakafunguka kiasi cha unene wa unywele. Alipozungumza hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Nilikwambia uweke pakavu."

"Niliweka pakavu kuliko pote ninapopajua, Bwana."

"Jumatatu," Bwana alisema. Akageuka kuelekea majini, akaudondosha ufito nyasini.

Aminiel aliuokota. Hakuna aliyemkataza.

Lydia alimwona akija nao begani, akajua. Alikaa kwenye kigoda, akaficha uso kwenye khanga, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Hanna, binti yao wa miaka mitano, akaja kumshika goti. Aminiel alisimama mlangoni. Hakuwa na shamba, hakuwa na paa, na mtoto angezaliwa kabla ya mwezi kwisha.

"Ungenyamaza," Lydia alisema hatimaye.

"Mgeni alikuwa karibu kutupa chambo."

"Najua. Nilijua hutaweza tangu ulipotoka." Alijifuta uso, akainuka kwa shida, akapanda ngazi ya dari kabla Aminiel hajamzuia. Alishuka na gunzi moja la mbegu, akapukuchua punje, akaing'ata. Ikalia kavu, safi. Akampa Hanna punje nyingine ashike.

"Hii haikuharibika," alisema. "Tunaenda nayo. Uliniambia yule fundi alisema nini kuhusu mkono wako?"

"Alisema unapotelea bwawani."

"Alikupa kazi?"

"Hapana. Alisema hivyo tu."

Lydia alitandaza khanga sakafuni, akaanza kushusha magunzi, moja moja, akiyahesabu kwa midomo.

"Jumatatu utakwenda kwa fundi na huo ufito, umalizie kuutengeneza mbele ya macho yake," alisema. "Halafu utamwuliza kama karakana yake ina dari."