Picha ya Mzee Gaudence

Sofa zilipoanza kuondoka dukani, Lydia hakushtuka. Duka la fanicha ni la kuuza fanicha, na Leonard mumewe alisema amepata wateja Kongwa. Kilichomkera ni kwamba hakuna sofa mpya zilizoletwa, ilhali mwezi uliopita tu Leonard alilikatia bima ya moto jengo zima na vilivyomo, kwa orodha ndefu kuliko duka lenyewe. Jumanne ikaondoka hata jenereta.

Lydia alijitia hamnazo. Mwanamke akianza kumpeleleza mumewe, majirani wa Area D hawachelewi kumpa jina. Lakini Alhamisi asubuhi aliinua macho juu ya kaunta akakuta msumari mtupu. Hapo ndipo ilipotundikwa picha ya marehemu baba mkwe wake, Mzee Gaudence, tangu siku duka lilipofunguliwa.

"Baba Brighton, picha ya mzee iko wapi?"

"Nimeipeleka nyumbani," Leonard alijibu bila kumtazama. "Vumbi linaiharibu."

Vumbi la Dodoma, miaka kumi na miwili, leo ndipo linapomkera. Lydia aliogopa, akaogopa kweli. Sofa huuzwa, lakini picha ya baba haiuzwi. Mtu huihamisha akijua kinachokuja. Na chumba cha nyuma ya duka alipanga Loisi, fundi cherehani, aliyelala humo na mtoto wake mchanga.

Hakumwambia mtu. Alikwenda nyumbani akaifunga ile picha kwenye khanga, kisha akamshika mkono mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kutoka Gulwe kutibiwa macho, wakaenda dukani.

Jioni Leonard alipokuja kufunga duka, alimkuta mama yake ameketi mkekani, kanyoosha miguu, na picha imerudi kwenye msumari wake, ukutani juu ya kichwa chake.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku?"

"Marahaba. Nitalala kwa Loisi mpaka nimalize kliniki. Mkeo kasema huku kuna utulivu, tena nitakuwa karibu na baba yako."

Leonard aliganda mlangoni. Mama yake alinusa hewa, akageuza uso upande wake.

"Mbona nasikia harufu ya petroli, mwanangu?"

Leonard alilitazama dumu mkononi mwake kana kwamba kuna mtu aliyemshikisha.

"Ni ya jenereta, mama."

"Jenereta ipi, baba Brighton?" aliuliza Lydia kutoka nyuma ya kaunta.