Kiwiko cha Hans

Mwanamume mzima anayezunguka mji Jumamosi nzima akipiga picha magari ya watu wengine hana kazi. Nilisema hivyo siku ya kwanza nilipomwona Hans, na mpaka leo sijabadili kauli.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Kila mwenye shemeji Dubai alileta Toyota iliyochoka, na Arusha ikajaa magari meupe yanayofanana kama mayai. Sisi tulikuwa na Pijo 403 ya baba, ya kijivu, aliyoinunua kwa kahawa kabla ya Uhuru. Kiti cha nyuma nilishaking'oa ili ndizi zipate nafasi. Stata ilikufa zamani, kwa hiyo haikuwaka mpaka isukumwe. Lakini ikishawaka ilipanda mlima bila kulalamika.

Nilikuwa Sekei nashusha ndizi. Hans akafunga breki ya Corolla yake katikati ya barabara, akaja mbio, kamera inamgonga kifuani. Alikuwa mtu wa Machame anayekaa Njiro, anafanya kazi kwenye mradi wa wafadhili. Mradi wa nini, hata yeye alishindwa kunieleza.

"Usisogee!" akaniambia, kana kwamba gari ni lake na mimi ndiye mwizi. Akachuchumaa, akalala chini, akapiga picha tairi. Tairi lenyewe kipara. Kisha akainuka, macho yamemtoka.

"Kaka, unajua umebeba kitu gani hapa?"

"Ndizi," nikamjibu.

Akacheka peke yake. Akasema ana albamu nzima ya magari ya kale ya mji huu, na anaomba aje kuipiga Pijo vizuri, nyumbani, kwenye migomba. Ningemfukuza, ila nilimkumbuka baba.

Baba yangu, mzee Abdiel, alikuwa anaumwa ini, na daktari alishatuambia tukae naye nyumbani tu. Alikuwa hataki mengi. Alitaka picha itakayotangulia jeneza lake imwonyeshe amesimama na Pijo. Picha aliyokuwa nayo ni moja, ya kitambulisho cha ushirika, ametoa macho kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Mpiga picha wa kutembea aliwahi kumpiga picha akiwa na gari kwenye kipaimara cha mwanangu Anneth, lakini filamu iliungua.

"Njoo upige unavyotaka," nikamwambia Hans, "ila umpige na baba. Na usichelewe. Ana siku chache."

"Hilo dogo sana, kaka."

Jumamosi baba aliamka kabla ya jogoo. Akavaa suti yake ya harusi, ambayo sasa ingetosha watu wawili wa aina yake. Mke wangu Magreth aliogesha Pijo kwa sabuni ya unga, akasugua bampa kwa majivu mpaka ukaweza kujinyolea pale. Kwetu, kinachopigwa picha kinaogeshwa kwanza, awe mtu au ng'ombe.

Hans akafika. "Shikamoo mzee," akasema akipita, na marahaba ya baba ikabaki hewani. Alipoiona Pijo akashika kichwa.

"Mmeliosha! Nani kawatuma? Matope yake yako wapi?"

"Yako shambani, shemeji," Magreth akamjibu. "Nikufungie kilo ngapi?"

Hakuona kwamba anachekwa. Aliinama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akaurusha juu ya boneti. Akachota tena. "Hii ndiyo historia," akasema.

Baba alimtazama muda mrefu. "Eliud," akaniita kwa Kimeru, "huyu ana akili timamu?"

"Ana digrii, baba."

"Pole yake."

Kisha Hans akataka gari litoke kivulini. Nikamwambia likitoka ni kwa kusukumwa. Akatazama viatu vyake, akatazama shati lake jeupe. "Sukumeni nyie, mimi nitaelekeza." Tukasukuma mimi, Magreth na jirani yetu Sifael. Bwana historia alitembea pembeni akisema kulia, kushoto, kama askari wa trafiki.

Baba akaja akasimama karibu na taa ya mbele, kifua nje.

"Mzee, sogea kidogo," Hans akasema, jicho kwenye kamera. "Kidogo tena. Tena, mzee wangu. Hapo safi."

Alipomaliza kumsogeza, baba alikuwa amesimama kwenye mibuni, hatua kadhaa kutoka kwenye gari, na bado amekaza uso kwa ajili ya picha. Kamera ikawa inalia, klap, klap. Nikamwendea Hans.

"Umempiga?"

"Anaharibu laini ya gari, kaka, lile umbo lake. Na ile suti, mh. Nitampiga mwishoni."

Mwisho ukafika. Hans akatazama kamera, akasema imebaki moja. Akanipa mimi. Akaenda kuweka mguu mmoja juu ya bampa, mkono kiunoni, kama mwindaji na simba wake.

"Na baba?" nikauliza.

"Nitakuja siku nyingine na filamu nyingine. Bonyeza hapo juu tu, usiguse kingine."

Siku nyingine! Nilishamwambia palepale Sekei kwamba siku nyingine hakuna.

Nikachungulia kwenye tundu. Baba alikuwa ametoka kwenye mibuni. Alisimama upande wa pili wa taa, anafuta boneti kwa leso, polepole, pale pa kuweka kiganja. Aliporidhika akaweka mkono, akainua kidevu. Nikasogea kulia mpaka Hans akatoweka kwenye tundu, karibu mwili mzima. Nikabonyeza.

"Nimetoka vizuri?" akauliza.

"Umetoka," nikasema.

Wiki iliyofuata nilimfuata Njiro. Alikuwa barazani na wenzake watatu, bia mezani, albamu imefunguliwa, wanasifia uchafu wa gari letu. Aliponiona akachomoa picha moja chini ya albamu na kunirushia.

"Ona ulivyoniharibia! Picha nzima mimi ni kiwiko! Chukua, sina kazi nayo."

"Na mkanda wa filamu yake?"

"Chukua na kipande chako! Utafikiri nimempa kamera mbuzi."

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikaondoka kabla hajaitazama tena.

Baba alipokea picha akiwa kitandani. Aliisogeza dirishani. Yumo yeye mzima, suti, kidevu, Pijo yake yenye vumbi, na sehemu moja inayong'aa, sawa na kiganja. Ukingoni, kiwiko cha shati jeupe.

"Nani huyu?" akauliza.

"Yule mwenye kamera."

Akaitazama tena, akanirudishia. "Ikuze," akasema.

Tulimzika mwezi uliofuata. Anneth alitangulia na picha, kubwa, kwenye fremu ya kioo. Makaburini mchungaji, bwana mpole anayependa kujua kila ndugu, aliniinamia akanong'ona:

"Pole sana, Eliud. Na huyu pembeni ni nani katika familia?"

"Si wa familia, mchungaji. Ni mtu aliyeombwa kusukuma gari akakataa."