Mgeni Mwenye Nywele Nyeupe

Kambo yangu alianza kukataa chakula kwa sababu ya mwanamke aliyemwona ndani ya kioo.

Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi hapa Lubumbashi. Jina lake Victorine. Watu wake ni Wakatoliki wa Kongolo, baba yake alifanya kazi ya njia ya reli. Alipoolewa na mfanyabiashara Mwislamu aliingia dini ya bwana yake, akapewa jina la Zaina, akasali bila kuruka mpaka akili ilipoanza kumtoka. Lakini mbele ya kioo alibaki Victorine. Kioo chenyewe kiko kwenye mlango wa kabati kubwa ambalo marehemu bwana yake alimnunulia. Kila asubuhi nikimaliza kumvalisha, alisimama pale, akanyoosha kitambaa cha kichwa, akasema:

"Victorine, we ni muzuri. Baache baseme."

Akili ilipotea sana, hata mimi akawa ananiita Martine kwa jina la mdogo wake. Kwenye kioo tu hakukosea.

Nywele zake zilikuwa nyeusi kwa sababu nilizipaka. Tangu nilipomaliza darasa la sita na pesa ya kuendelea ikakosekana, kazi yangu ni Kambo: kumwogesha, kumlisha, kumtoa juani, kumpaka ile rangi ya unga inayouzwa sokoni katika vifuko vidogo. Alipenda siku ya rangi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, shingo imeinama, akanisimulia habari za wasichana wa kituo cha reli waliokufa zamani.

Baba mudogo Assani ndiye aliyesimamisha rangi. Ni mtoto wa mwisho wa Kambo, nyumba ni yake. Anauza vifuniko vya simu mjini, anatulisha sisi sote, maana baba yangu yuko Kambove anachimba madini na hajatuma kitu wala habari. Assani alikuwa ameanza kubaki msikitini kwa masomo ya alfajiri. Asubuhi moja alinikuta nimeshika kifuko.

"Mwila, hiyo rangi tuiache."

"Juu ya nini, baba mudogo?"

Alinieleza polepole, kama mtu anayebeba glasi iliyojaa. Siku Maka ilipofunguliwa kwa Waislamu, baba yake Abubakari aliletwa mbele ya Mtume, kichwa na ndevu nyeupe kabisa. Mtume akasema zibadilishwe, lakini waepuke nyeusi.

"Mvi haiko zambi," akasema. "Kubadilisha pia haiko zambi. Ni nyeusi njo iko na maneno. Mama iko karibu na kaburi, Mwila. Minataka aende safi."

Niliona macho yake. Hakuwa anajionyesha kwa mtu. Nikarudisha kifuko kwenye kopo.

Mvi zilitoka taratibu, kwanza kwenye paji, kisha pande zote, na zile nyeusi nikazikata zilipobaki kwenye ncha tu. Halafu asubuhi moja alisimama mbele ya kioo, mkono ukabaki hewani kabla haujafika kwenye kitambaa. Akarudi nyuma, akapiga goti kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa.

"Jambo, Mama," akasema. "Umefika saa ngapi?"

Nilifikiri anacheza. Akanigeukia kwa hasira.

"Martine, unasimama bule? Mama ametoka Kongolo na treni, safari yote ile, na wewe hauyamupatia hata maji."

Mama yake alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Alikufa na kichwa cheupe.

Siku ile nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilimwekea Kambo sahani, akaisukuma mpaka karibu na kioo, akakaa chini, mikono mapajani.

"Kula, Kambo."

"Nitakulaje? Mugeni hayakula."

Kwao ndivyo walivyolelewa. Mama akifika kwa binti yake, binti hagusi bukari mpaka mama amemega. Akili yake ilikuwa imeacha karibu kila kitu, hili haikuliacha.

Nilijaribu ujanja. Nilichukua sahani, nikazunguka nayo nyuma ya kabati, nikarudi nayo tupu.

"Amekula, Kambo. Ona, amemaliza."

Alinitazama kama mtu anavyotazama mtoto mwongo.

"Minamuona hapa. Kinywa yake haiyatikisika."

Hapo nilielewa. Yule wa kwenye kioo angekula siku Kambo atakapokula. Kambo angekula siku yule atakapokula. Walikaa wakitazamana, kila mmoja amefunga mdomo kwa heshima ya mwenzake.

Tulifunika kioo kwa kitenge, akakivuta. "Munafunika muntu uso, amekufa?" Tulimpeleka Kasungami kwa Kambo Martine, mdogo wake mwenyewe, mkulima wa mboga, ambako hakuna kioo. Alikaa mlangoni na mkoba wake mapajani, akilia arudishwe, ameacha mgeni peke yake nyumbani. Hakula kule pia. Tulimrudisha.

Kilichomwingia ni uji kidogo tu niliomnywesha alfajiri, kabla macho hayajafunguka vizuri. Muuguzi wa dispensari alimwekea seramu, ile dripu ya mshipani, akasema mshipa ni shida kuupata, mtu huyu anahitaji chakula. Kama vile tulikuwa tunamficha chakula. Bangili yake ilianza kupanda mpaka kwenye kiwiko.

Kambo Martine alikuja na fungu la lengalenga kichwani, rozari shingoni. Alimwona dada yake, akaweka mboga chini bila kusalimia mtu.

"Assani, mwana wangu. Mulipokuwa munamupaka, alikuwa anajiona. Mumupake."

"Mama mudogo, nyeusi tumekatazwa."

"Nyeusi. Na hii ngozi yote mwenye alitupatia ni nani?"

"Maneno iko ya nywele, haiko ya ngozi."

"Bon. Na ule mwenye kufa na njaa, kitabu yenu inasema nini?"

Assani alikuwa anataka kutoka. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akakitazama kana kwamba jibu limo ndani. Kesho yake alinichukua twende kwa imamu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua habari zote.

Imamu wa mtaa wetu ni mtu wa sauti ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale Kambo na yule wa kwenye kioo wanapokaa wakitazamana, alivua miwani akaipangusa kwa kanzu.

"Mutu mwenye akili imemutoka, kalamu haimuandikie," akasema. "Mama yenu hana zambi, hata apakwe rangi gani."

Assani akavuta pumzi.

"Lakini mwenye kupaka, akili yake iko." Imamu aliangalia mikono yangu. "Wanazuoni hawakusema neno moja. Kuna wenye wanakataza nyeusi kabisa, kuna wenye wanaichukia tu, kuna wenye waliruhusu mwanamuke aipake kwa ajili ya bwana yake."

"Bwana yake alikufa," Assani akasema.

"Najua. Nilimuswalia."

"Basi iandikwe kwangu," nikasema. "Mimi njo ninapaka. Iandikwe kwangu, yeye akule."

"Mwila, nyamaza," baba mudogo akasema, si kwa ukali.

Imamu hakucheka wala kukasirika. Alisema haya hathubutu kuyaamua peke yake, atauliza mtu mwenye elimu kumpita. Kwa sasa tupake hena, hena ni sunna, haina ubishi. Kuna na jani jingine, katamu, ukilichanganya na hena rangi inakaribia nyeusi bila kuwa nyeusi, lakini yeye katika Lubumbashi hajaliona.

Watu watasema ningepaka kwa siri. Nywele za mtu anayekaa sebuleni mchana kutwa, siri yake ni ipi? Na kifuko kile Assani alikwisha kukitupa, na mimi sina mfuko wa pesa. Nilipaka hena.

Kwenye nywele nyeusi hena inatulia. Kwenye mvi inawaka. Nilipozisuuza, kichwa cha Kambo kilikuwa na rangi ya vumbi jekundu la barabara ya Kinsevere wakati wa kiangazi. Nilimwongoza kwenye kioo nikiomba Mungu kimoyomoyo. Alitazama muda mrefu. Kisha akaninong'oneza, mkono mdomoni, asisikiwe:

"Na huyu mwekundu, ni wa nani?"

"Ni wewe, Kambo. Ni Victorine."

"Usinichekeshe. Victorine ule muzee?" Akageuka kutafuta. "Mama iko ndani analala. Huyu amemusindikiza. Ongeza sahani."

Tukawa tunaweka sahani tatu. Assani alizitazama zikiwa zimepangwa chini mbele ya kabati, akatoka nje, na kwa dirisha nilimwona amesimama uani, paji lake kwenye ukuta.

Siku zikapita hivyo. Kila Assani aliporudi nilimuuliza kwa macho, na yeye akatikisa kichwa: imamu hajapata jibu. Kambo alikuwa mwepesi, nilimbeba peke yangu kwenda kuoga. Hata ule uji wa alfajiri alianza kuuacha utoke pembeni ya mdomo. Sikuwa na la kufanya ila kumpangusa.

Imamu alikuja mwenyewe, baada ya alasiri. Alikataa kiti.

"Niliyemuuliza amejibu. Huyu ni mugonjwa, na hiyo rangi hapa inashika nafasi ya dawa. Hakuna wa kudanganywa, hakuna wa kujipamba. Mumupake. Na Mungu njo anajua zaidi."

Assani alikimbia sokoni akiwa na sandali za ndani. Alirudi na vifuko vingi kuliko vilivyohitajika. Nilimkalisha Kambo kwenye kiti cha plastiki, na shingo yake, iliyokuwa nyembamba kama mkono wangu, ikainama yenyewe kama zamani. Sikuwa na glavu, rangi ikaniingia kwenye kucha. Kambo Martine aliitwa kwa simu, akafika tukiwa tunasuuza. Alipika yeye, bukari ya moto na samaki, akisema leo dada yake atakula mpaka sufuria ilie.

Tulimsimamisha mbele ya kioo, Assani upande huu, mimi upande ule. Nywele zilikuwa nyeusi tii, zikitokeza chini ya kitambaa. Kambo alisogea. Mkono ukapanda, ukafika kwenye kitambaa, ukakinyoosha.

"Victorine," akasema taratibu. "Umekonda, mwanamuke. Mais we ni muzuri."

Kambo Martine alifanya ishara ya msalaba. Assani alisema alhamdulillahi, akarudia, na machozi yakamshuka bila kuyaficha. Nilimkalisha Kambo kwenye mkeka, nikanawisha mikono yake, nikamega bukari, nikaichovya, nikaileta kwenye mdomo wake. Mdomo ulikuwa unafunguka. Nasema nilichokiona, ulikuwa unafunguka.

Akashika mkono wangu.

"Mama iko wapi?"

"Alirudi kwake, Mama," Assani akasema kwa furaha. "Alirudi Kongolo. Mugeni hayuko tena. Kula."

Kambo aliangalia kioo, pembeni ya kichwa chake, nyuma yake, kila pembe ya chumba ndani ya kile kioo.

"Alienda?"

"Alienda."

"Alikula?"

Assani alinigeukia. Nikasema mimi:

"Alikula, Kambo. Alishiba."

"Martine," akasema, na hakumtazama Martine, alinitazama mimi. "Nilikaa hapa naye. Kinywa yake haiyatikisika hata mara moja."

Alianza kulia bila sauti, kama wanavyolia watu walioona aibu mbele ya wageni. Alisema njia ile ni ndefu. Alisema treni inasimama porini na hakuna anayeuza hata muhogo. Mama yake alitoka mbali akafika kwa binti yake, nyumba yenye unga na samaki, na wakamwacha apande treni na njaa yake.

Kambo Martine alipiga magoti mbele yake, akamshika uso. "Victorine, mi njo Martine. Mama alikufa. Tulimuzika mi na wewe."

"Na njaa yake?" Kambo akauliza.

Kisha akageuza uso ukutani na kufunga mdomo. Nilibaki nimeshika lile tonge katika vidole vyangu vyeusi, likipoa. Kwenye kioo nilimwona Victorine, nywele zake nzuri, amefunga mdomo pia.