Mkono wa Kulia wa Shemeji

Dativa hakuwahi kumpenda shemeji yake Ludovick, na majira yale ya baridi akapata nafasi ya kumwambia hivyo kama sehemu ya kazi.

Alikuwa kocha wa timu ya besiboli pale Tumba, pembeni mwa Stockholm, timu ya watu wanaokuja mazoezini wakiwa hoi: wauguzi, madereva, fundi bomba mmoja, na Waswidi kadhaa waliokataliwa kwingine. Mrushaji wao, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa upande wa pili, alikuwa amehamia Göteborg. Timu isiyo na mrushaji si timu, ni watu waliovaa sare. Basi msimu ulipokwisha, wachezaji huru, wale wasio na mkataba popote, wakaanza kujipitishapitisha.

Waliostahili kutazamwa walikuwa wawili tu. Mmoja ni Optatus, mpishi wa hospitali, mtu wa Kampala. Wa pili ni Ludovick, mume wa Adelina, dada yake Dativa. Ludovick aliwahi kuwarushia Tumba, kisha akahamia timu kubwa ya mjini na kuwaita wenzake aliowaacha "kwaya ya jumuiya". Timu kubwa ikamtema. Tangu hapo alikuwa akishinda kwenye kochi lake huko Norsborg, akitazama video zake mwenyewe.

"Mchukue, mdogo wangu," Adelina alimsihi kwenye simu. "Amenijazia nyumba nzima."

"Nimchukue, timu iwe makumbusho?"

Mwenyekiti Gilles, Mrundi wa suti na maneno mengi, yeye alishaamua. Aliijua besiboli kama mtu anavyoijua ndoa ya jirani: kwa kelele zinazopenya ukutani.

"Mama kocha, Ludovick ana jina," alisema. "Jina linajaza viti."

"Viti gani, Gilles? Tuna mabenchi mawili, na moja hulaliwa na mbwa."

Majaribio yalifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa michezo wa shule moja Hagsätra. Optatus alifika mapema, akampa kila mtu mkono, hata waliokuwa wakifagia. Alipoanza kurusha, mipira ikaenda ilikotaka yenyewe. Diane, mdakaji wa timu, Mrundi kama Gilles, akawa anaifuata ukutani kama mtu anayefukuza kuku. Kila mara Optatus aliomba radhi, na kila mara Dativa aliomba kimoyomoyo mpira unaofuata uwe mzuri. Haukuwa.

Ludovick alichelewa. Alikuja na miwani ya jua kichwani, ilhali jua lenyewe Stockholm ilikuwa haijaliona wiki nzima.

"Mimi sijaribiwi, shemeji. Unanijua."

"Ndiyo maana nakujaribu."

Akavua koti taratibu kama bwana harusi. Kisha akarusha. Mpira ukaingia kwenye glavu ya Diane kwa mlio uliowanyamazisha wote waliokuwa wakipiga soga. Wa pili ukaja umenyooka, halafu ukapinda mwishoni kabisa. Wa tatu ukampita Diane kabisa, na Ludovick akaangua kicheko.

"Dada, macho umeyaacha Bujumbura?"

Gilles naye akacheka, kwa kuwa alidhani ndivyo inavyotakiwa. Dativa aliwatazama wote wawili kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. Alitamani mkono ule ungekuwa wa mtu mwingine, yeyote yule.

Walipotawanyika, alimfuata Diane kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Sema wewe. Nani?"

Diane alikuwa akisugua kiganja kilichovimba. "Yule mpishi ningemwalika nyumbani, ale na wanangu. Lakini sishindi mechi kwa adabu. Nipe huyo mpumbavu."

Dativa alimpigia Optatus simu yeye mwenyewe, maana kumtuma Gilles ingekuwa kumtukana mtu mara mbili.

"Ni kwa sababu ni shemeji yako?" Optatus aliuliza.

"Hapana. Anarusha vizuri kuliko wewe."

"Afadhali ungesema ni shemeji," alisema, akamshukuru, akakata. Dativa alibaki ameshika simu, akijidharau kidogo, jambo ambalo hakulizoea.

Jumatatu Ludovick aliingia mazoezini amekunjua mikono. "Nilijua hutaniangusha, shemeji!"

"Hukuchukuliwa na shemeji yako," Dativa alimjibu, mbele ya timu nzima. "Umechukuliwa kwa ajili ya mkono wako wa kulia. Ningeweza kuusajili peke yake, wewe mwingine wote ningekuacha mlangoni. Sasa mwombe Diane radhi kabla hujagusa mpira."

Ludovick akamtazama Gilles. Gilles akatazama viatu vyake.

"Samahani," Ludovick alinong'ona.

"Sijasikia," alisema Diane.

"Samahani, Diane!"

Hakuna aliyecheka. Diane akavaa glavu, akachuchumaa, akamwonyesha kwa kidole pa kulenga. Ludovick akarusha pale pale, tena na tena, bila kufungua mdomo, na mlio ukajaa ukumbi. Dativa akamwambia ashushe bega. Akashusha. Mpira uliofuata ulikuwa mzuri kuliko yote, na Dativa akageukia ukutani haraka, kwa kuchukia jinsi alivyofurahi.