Mlango wa Dobi

Mkuu wa ulinzi alikuwa amewaambia walinzi wake tangu siku ya kwanza ya mashindano: watu wenye misuli wamejaa tele, anayemtaka yeye ni mtu wa kufunga mdomo. Mlingoti, aliyepewa jina hilo kwa urefu wake, aliitikia kwa kichwa akiamini kabisa kwamba mtu huyo ni yeye. Kumbe!

Utaratibu wenyewe haukuwa na ugumu. Siku ya mechi, basi lenye bendera na picha za wachezaji linaegeshwa mbele ya hoteli, mapazia yameshushwa, na mashabiki wanalizunguka wakilipigia makofi. Ndani hamna mtu isipokuwa dereva anatafuna karanga. Timu yenyewe inapita nyuma, mlango wa dobi, katikati ya matenga ya mashuka machafu, inapanda basi jeupe lisilo na alama yoyote na kwenda zake. Waliojua habari hiyo ni walinzi, madereva na dobi mwenyewe, mzee mpole aliyeshika funguo.

Na mama mkwe wa Mlingoti.

Mama huyo alimpigia simu siku moja kabla ya mechi. Mlingoti alisimama wima kuipokea, kama kawaida yake, utadhani anamwona.

"Baba, mwenzio namtaka yule golikipa. Nimwone kwa macho yangu tu. Mara mbili nimesimama pale mbele, naambulia mapazia."

"Mama, hilo siwezi kulisema."

"Hata mimi? Binti nimekupa, leo unanificha mlango?"

Hapo Mlingoti akalegea. Tangu aoe hajawahi kumkatalia mama yule kitu, na hakujua hata neno la kuanzia. Akamwambia. Akamsihi aje peke yake.

"Mimi tena! Nimwambie nani?" mama akasema. Na kweli hakumwambia mtu, ila wenzake wa kwaya. Nao hawakumwambia mtu, ila waume zao, majirani na kila aliyepita karibu.

Golikipa alipotoka mlango wa dobi alikuta umati. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alitaka kumgusa tu, basi. Alisukumwa, akashika mlango wa basi asianguke, watu wakauegemea, na vidole vyake viwili vikabanwa. Mlingoti alimnyanyua juu juu akamwingiza ndani. Kipa wa akiba akasimama golini, na timu ikachapwa mabao matatu.

Asubuhi iliyofuata mkuu alimwita dobi ofisini. Mlingoti akapangwa kulinda mlango wa ofisi hiyo hiyo, akasikia kila neno.

"Funguo zako. Mlango wako. Na jana ulionekana unaongea na simu."

"Nilikuwa naongea na mke wangu, mkubwa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza kama mguu umepoa."

Swali likarudiwa, likageuzwa, likarudiwa tena. Mlingoti alijichukia. Na kana kwamba hayo hayatoshi, golikipa akapita kwenye korido, mkono umefungwa bandeji, akasimama mbele yake.

"Kaka, asante. Bila wewe jana wangenimaliza."

Akampa mkono wa kushoto, ule mzima. Mlingoti aliushika huku akitamani ardhi ipasuke immeze na urefu wake wote.

Ndani, sauti ya dobi ilikuwa imeshuka. "Basi semeni ni mimi, mkubwa. Nimechoka. Na kazi yangu imelala tangu asubuhi."

Mlingoti akasukuma mlango. "Si yeye. Ni mimi."

Mkuu hakumtazama hata mara moja. "Rudi nje, Mlingoti. Huruma yako ipeleke nyumbani kwako."

"Nilimwambia mama mkwe wangu."

Mkuu akainua kichwa polepole. Dobi naye akageuka kwenye kiti, akamkazia macho kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mpigie," mkuu akasema. "Weka sauti tusikie wote."

Mlingoti akapiga. Simu haikuita sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Nyie hamjambo? Jamani, yule kijana wa watu! Nimelia mimi, chakula hakipiti. Ila alinigusa bega, baba, hapa hapa, wote waliona." Akavuta pumzi. "Sasa hebu nisikilize. Mechi ijayo mnatokea mlango gani? Safari hii nitawaambia mapema wasisukumane."

Mkuu alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, anangoja kitambulisho chake cha kazi. Mlingoti akakivua shingoni, akakiweka pale.

"Sijui, mama," akasema.

"Hujui, au unanificha tena?"

"Sijui," akasema tena.