Lugha Isiyofukuza Mtu

Jumatatu saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mabawa, Leticia alikunywa chai akiwa amesimama, maana kukaa kulimshinda. Alikuwa akiitengenezea kamati ya ardhi tovuti, ili watu wa Mwera watazame kwa simu nani kapata kiwanja kwenye lililokuwa shamba la mkonge. Baba yake, Edgar, alikata mkonge pale miaka ishirini na sita, na sasa alilima mihogo kwenye ekari mbili za hapo hapo. Jina lake lilikuwa miongoni mwa kumi na moja yasiyo na namba ya hati. Vibarua hawakuwahi kupewa karatasi.

Kwanza alitumia lugha ya programu aliyoizoea, lugha yenye masharti ya karani. Ilipofika kwenye jina lisilo na namba, ilisimama. Ndani ya kompyuta ikasikika hodi mara tatu, kisha nyayo zikaondoka, kwa kuwa mstaarabu asiyejibiwa mara ya tatu hurudi kwake. Leticia alidhani ni redio ya jirani.

Kamati ikataka atumie JavaScript, lugha nyingine ya programu. Leticia aliidharau. Ukiipa moja ya namba na moja ya maandishi ikujumlishie, inazibandika na kukuletea kumi na moja bila kuona haya. Aliiandika akinung'unika, akiinuka kila baada ya mistari miwili kwenda dirishani.

Jumatano programu ilifika kwenye jina la kwanza lisilo na namba. Haikugoma. Iliandika tu kwamba namba haijulikani, ikaendelea na wengine. Hodi ikasikika.

"Karibu," Leticia alijibu kwa mazoea.

Mzee Asheri, mwenye jina lile, akatokea kwenye kioo cha kompyuta, akitanguliza bega, mikono imechanwa na miiba ya mkonge. Aliuliza viatu aviache wapi. Akafuata bi Praxeda, kisha wengine, na kufikia adhuhuri sebule ilijaa. Wa kumi na moja alikuwa Edgar. Leticia alipiga simu Mwera kuhakikisha.

"Napalilia, mwanangu," alijibu Edgar wa Mwera. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Akapika wali wa watu kumi na wawili. Siku ile ndipo alipoanza kuipenda lugha ile, na alijionea aibu kwa jinsi alivyoisema. Ilikuwa na ulegevu wake, ndiyo, lakini haikumfukuza mtu mlangoni. Hata aliyechelewa haikumfungia. Iliendelea na waliopo, na yeye akifika ikamshughulikia. Leticia aliandika hadi magharibi bila kuinuka, na majina yote kumi na moja yakakaa kwenye tovuti, kila moja na ekari zake.

Alhamisi akaja Hatibu, katibu wa kamati. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akaruka miguu yao, akatazama tovuti kwenye simu yake.

"Dada Leticia, hawa waondoe."

"Lugha imewapokea."

"Lugha haina muhuri. Karatasi ilisainiwa mwezi jana, viwanja vyao vina watu wengine. Hii tovuti ni ya kutazama tu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekutajia saa. Akanywa kahawa na wageni, akaaga. Leticia hakuwaondoa. Alizunguka meza mpaka bi Praxeda akamwomba akae, anamtia kizunguzungu.

Ijumaa Edgar wa Mwera alipiga simu. Wapimaji walikuwa wamepigilia vigingi kwenye mihogo. Leticia alimfungulia tovuti, akamsomea jina lake na ekari zake mbili. Edgar alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia imeandikwa vizuri sana.

Jumamosi Edgar wa Mwera alishuka kwenye basi la Pangani na jembe lake na mfuko wa nguo. Alimkuta Edgar wa sebuleni amekaa karibu na dirisha. Wakapeana mikono.

"Shamba umemwachia nani?" aliuliza wa sebuleni.

"Mwenye namba."

Wazee wakasogeleana kwenye mkeka, naye akapata pa kukaa.