Ziba Kila Tundu

Uvumi wenyewe aliuleta jirani, fundi cherehani, pini zikiwa bado mdomoni. Eti kuna dereva aliyelivalisha gari lake kwa ndani ili joto na kelele vipungue, na siku ya tatu akakutwa kwenye taa za barabarani, mguu juu ya breki, injini inaunguruma, mwenyewe hazinduki.

"Moshi," jirani alisema. "Ulimkuta kajifungia."

Nani alimwona? Jirani hakujua. Dereva wa wapi? Hakujua pia. Lakini mama aliyeletewa uvumi huo, jambo likishamkaa rohoni halitoki, na hili lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Maana binti yake wa pekee aliendesha kigari cha kubeba mashuka ya hoteli, kwenda na kurudi kwa dobi, injini ikiwa chini ya kiti chake. Joto lilikuwa linaachanisha gundi ya viatu vyake. Kwa kelele za injini, alirudi nyumbani anapayuka kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Na alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwa hiyo naye aliamua kulivalisha gari.

"Nisipofanya hivi, mama, mjukuu wako atazaliwa anapiga kelele."

"Watoto wote huzaliwa wanapiga kelele. Nami nakwenda huko kwa fundi."

Fundi wao alikuwa anaitwa Redio, na waliomwita hivyo hawakukosea: kazi yake ilikuwa kunyamazisha magari, ila yeye mwenyewe hakuwa na swichi. Akaweka vipande vitatu mezani. Sponji ya godoro. Lami ya kuezekea paa. Na mpira mweusi mzito, mgongo wake karatasi ya kung'aa.

"Chagua, mama. Sponji laini, lami rahisi, mpira wa wenye nazo."

"Leta bati."

Mama akavipanga vyote juu ya bati, akaliweka juani, akaketi juu ya tairi kuukuu. Binti akamnong'oneza, "Mama, unaniaibisha." Hakubanduka. Mchana ulipokolea, lami ilikuwa imelegea kama jamu na kunuka mpaka kooni. Sponji aliimwagia kikombe cha maji; ikayabugia yote. Mpira ulikuwa umetulia pale pale.

Redio akagonga bati tupu: ngaa! Akagonga palipolazwa mpira: du.

"Umesikia? Mpira unalizuia bati lisitetemeke. Kipande katikati ya kila bati kinatosha, na juu ya injini tunalaza ule upande unaong'aa utazame joto."

"Kinatosha nini? Na moshi je? Ziba kila tundu, baba."

"Kila tundu?"

"Hata la kupita sindano."

Redio akapandisha mabega. "Wewe ndiye mwenye mtoto."

Gari likatoka limenyamaza. Wiki ile binti aliongea kwa upole hadi mama akawa anamwambia arudie. Moyo ukamtulia. Ukatulia siku nne tu, kisha miayo ikaanza. Binti akawa anarudi kichwa kizito, macho mekundu.

"Mimba hiyo, mama. Kwani wewe hukuipitia?"

Aliipitia. Lakini Jumapili, gari limelala, binti alifua, akapika, akacheka hadi machozi, wala hakupiga mwayo hata mmoja. Jumatatu akarudi yuko hoi. Mama hakula.

Jumanne akapanda naye. Vioo vilikuwa juu kwa sababu ya vumbi.

"Raha, eh?" binti alisema.

Mama alikuwa anasikiliza. Walipokata kona, kitu ndani ya mlango kikasema chubwi. Kona nyingine, chubwi.

"Nini hicho?"

"Labda maji ya mvua ya juzi."

Akaweka kiganja mbele ya matundu ya hewa ya dashibodi. "Washa feni." Binti akaiwasha hadi mwisho. Feni ililia, kiganja hakikuhisi kitu. Mama akaona kope zake mwenyewe zinashuka. Akamgeukia binti: kidevu kimeinama, na gari linaegemea ukingo wa barabara.

"Simama! Mwanangu, simama!"

Breki zikalia. Mama akateremsha vioo, akamtoa binti nje, akamshika tumbo kwa mikono miwili mpaka mtoto alipopiga teke.

Karakanani, Redio alikuwa mfupi wa maneno. Alitoa donge la sponji, alilolikaza alipoambiwa kila tundu, kwenye njia ya hewa iliyo chini ya kioo cha mbele. Alitoa madonge mengine chini ya milango, maji yakamfurikia viatuni. Kisha akainua zulia juu ya kifuniko cha injini. Ukanda wa mpira unaokizunguka ulikuwa umekatika, na pembeni mwake masizi meusi.

"Moshi ulipita hapa! Na hapa hukuziba!" mama alifoka.

"Ulisema tundu, mama. Huu ni ufa."

Mkono wa mama ulinyanyuka, ukashuka. Neno lilikuwa lake.

"Leta kalamu," akasema. Akachana ubavu wa boksi la mpira, akaandika kwa herufi kubwa, na hakuondoka hadi Redio alipolibandika mlangoni mwa karakana:

USIWEKE LAMI YA PAA. INALEGEA NA KUNUKA.
USIWEKE SPONJI YA GODORO. INAKUNYWA MAJI.
USIBANDIKE JUU YA VUMBI AU MAFUTA. MPIRA HAUTASHIKA.
USIZIBE MATUNDU YA CHINI YA MLANGO. NI YA MAJI.
USIZIBE NJIA YA HEWA YA MBELE.
USIFUNIKE INJINI KABLA YA KUUKAGUA UKANDA WAKE.
USISINGIZIE MIMBA. MIAYO IKIZIDI, SIMAMA, SHUKA.
USIMWAMBIE FUNDI "KILA TUNDU". MWONYESHE KWA KIDOLE.